SARATANI YA MATITI: TUULIZE NA UPANDE WA BABA

Leo safu yetu ya afya inazungumza juu ya saratani ya matiti. Watu wengine huiita kansa ya matiti. Ni ugonjwa ule ule, wenye majina mawili.

Ugonjwa huu si mdogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanawake 2,300,000 duniani waligunduliwa kuwa nao. Katika mwaka huo huo ugonjwa huu uliua watu 670,000.

Vijijini kwetu saratani ya matiti husemwa kwa kunong'ona. Mama akiota uvimbe katika titi, hujifunga kanga na kunyamaza. Titi likitoka kidonda, hujificha ndani. Akifa, majirani husema, "Amerogwa." Wengine husema, "Ukoo ule una laana, angalia hata dada yake alikufa hivyo hivyo." Nao binti zake huambiwa kwamba mama yao alikufa kwa homa.

Maoni yangu ni haya. Ugonjwa huu si uchawi wala laana. Kuuficha kunawaumiza wale wale tunaotaka kuwakinga. Kila ukoo unapaswa kujua ni nani kati ya watu wake waliougua saratani, upande wa mama na upande wa baba pia.

Usikubali maneno haya kwa sababu tu yameandikwa gazetini. Soma sababu zake, zipime, kisha zijadili na wenzako.

MWILI HUNAKILI MAANDISHI YAKE

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Chembe hizi ni ndogo sana. Huwezi kuiona hata moja kwa macho yako. Titi lina chembe hai nyingi mno, na kadhalika ngozi, ini na damu.

Chembe hai huchakaa na kufa. Mpya hutokea pale chembe moja inapogawanyika na kuwa mbili. Ndiyo maana ukijikata kwa jembe, kidonda hujifunga na ngozi mpya huota.

Ndani ya kila chembe hai kuna maagizo ya kazi. Agizo moja husema, "Gawanyika sasa." Agizo jingine husema, "Usigawanyike tena, panatosha." Maagizo haya huitwa jeni. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000. Mtoto huzirithi kutoka kwa mama na baba yake. Kwa ajili ya jeni, mtoto hufanana na mama yake macho, na baba yake kimo.

Kila mara chembe inapogawanyika, hunakili maagizo yote ili chembe mpya nayo iwe na ya kwake. Hapo ndipo makosa yanapoweza kuingia.

Tuchukue mfano wa darasa la kisomo. Mwalimu ameandika ubaoni: USIPANDE HAPA. Wewe unanakili katika daftari lako. Kwa bahati mbaya unaruka herufi mbili tu, S na I. Sasa daftari lako linasema: UPANDE HAPA. Umekosea herufi mbili, na maana imegeuka kabisa. Tena jirani yako akinakili kutoka kwako, naye ataandika kosa hilo hilo.

Chembe hai nazo hukosea namna hiyo. Agizo lilikuwa, "Usigawanyike." Likaharibika, likawa, "Ugawanyike." Chembe ile huanza kugawanyika bila kukoma. Watoto wake hufuata agizo bovu lile lile. Kosa moja peke yake kwa kawaida halitoshi kuleta saratani. Lakini makosa yakiongezeka, moja juu ya jingine, kwa miaka mingi, chembe hizo hukataa kabisa kutii mwili. Hujikusanya na kuwa uvimbe. Baadaye hupenya kwenye damu na kwenye njia za majimaji ya mwili, zikafika makwapani, mifupani, mapafuni na kwenye ini.

Hivyo ndivyo saratani inavyoanza. Inaanza kwa makosa ya kunakili ndani ya mwili wenyewe. Hakuna mtu aliyeitupa usiku.

WALIMU WAWILI WA KUSAHIHISHA

Utauliza, ikiwa makosa hutokea mara kwa mara, mbona sisi sote hatuugui?

Jibu ni kwamba mwili una njia ya kusahihisha. Ziko jeni ambazo kazi yake ni kuangalia makosa na kuyarekebisha, kama mwalimu anavyopita na kalamu nyekundu. Jeni mbili za namna hii zinajulikana sana katika habari za saratani ya matiti. Moja inaitwa BRCA1, ya pili inaitwa BRCA2. Usihangaike na majina hayo. Yasome herufi moja moja. Kazi yake ni kusaidia kuunga maandishi ya chembe hai yanapokatika.

Kila mtu huzaliwa na nakala mbili za BRCA1. Moja ametoa mama yake, nyingine ametoa baba yake. BRCA2 nayo ni hivyo hivyo. Ni kama darasa lenye walimu wawili wa kusahihisha. Mmoja akiugua, wa pili anaendelea na kazi.

Lakini wako watu ambao tangu kuzaliwa wana nakala moja nzima na moja mbovu. Darasa lao lina mwalimu mmoja tu. Watu hawa huzaliwa wazima, hukua wazima, hulima na kuzaa kama wengine. Hatari inakuja pale mwalimu yule mmoja anapoharibika ndani ya chembe fulani ya titi. Hapo makosa hayasahihishwi tena. Yanarundikana upesi.

Ndiyo sababu mwanamke aliyerithi nakala mbovu anaweza kuugua mapema, pengine akiwa na miaka 30 au 40. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika wanawake 10 wenye nakala mbovu ya BRCA1 au ya BRCA2, wapatao 7 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Kwa kulinganisha, katika wanawake wote wa Marekani, anayeipata maishani ni mmoja kati ya 8 hivi. Wanawake wenye nakala mbovu wako pia katika hatari ya kupata saratani ya vifuko vya mayai ya uzazi, iliyo ndani ya tumbo.

Angalia vizuri hesabu hiyo. Nimesema 7 kati ya 10. Hao 3 waliobaki hawaugui saratani ya matiti mpaka umri huo. Kurithi nakala mbovu ni kurithi hatari. Hujarithi hukumu ya kifo.

WENGI HAWAKURITHI

Hapa tuwe waangalifu tusipotoke. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hawakurithi jeni mbovu. Madaktari husema kwamba kati ya wagonjwa 100, ni kama 5 mpaka 10 tu ambao ugonjwa wao umetokana na jeni moja mbovu ya kurithi. Waliobaki, makosa yao yalitokea ndani ya titi katika maisha yao wenyewe.

Makosa hayo huletwa na nini? Umri ni sababu kubwa. Kadiri mtu anavyoishi miaka mingi, ndivyo chembe zake zinavyonakili mara nyingi zaidi. Pombe nayo huongeza hatari, hata ile ya kienyeji inayopikwa nyumbani. Unene wa kupita kiasi baada ya hedhi kukoma huongeza hatari pia. Mionzi mikali huvunja maandishi ya chembe. Baada ya mabomu ya atomiki kuangushwa Hiroshima na Nagasaki, Japani, mwaka 1945, wanawake waliopatwa na mionzi wakiwa wasichana waliugua saratani ya matiti kuliko wenzao, tena miaka mingi baadaye. Na mara nyingi hakuna sababu tunayoweza kuitaja. Ni kosa la kunakili tu.

Kunyonyesha kunapunguza hatari. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya habari za wanawake kutoka nchi 30. Waliona kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari kwa zaidi kidogo ya 4 katika kila 100. Basi mama anayenyonyesha humlinda mtoto na hujilinda mwenyewe.

Yako pia maneno yasiyo na msingi. Saratani ya matiti haiambukizi. Haiji kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kuvaa kanga yake. Haiji kwa kuweka sarafu au noti ndani ya sidiria. Haiji kwa mtoto kuuma titi. Haiji kwa kijicho cha mke mwenza.

MAMA ALIYEHESABU UKOO

Sasa nieleze jinsi jambo hili la kurithi lilivyogunduliwa, maana ndipo penye fundisho kwetu.

Mwaka 1866 daktari mmoja wa Ufaransa, Paul Broca, aliandika habari za ukoo wa mke wake mwenyewe. Aliona kwamba wanawake wengi wa ukoo ule, kizazi baada ya kizazi, walikufa kwa saratani ya matiti. Hakuficha kwa aibu ya ukweni. Aliandika. Lakini wakati ule hakuna aliyeweza kumweleza sababu.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, huko Marekani, mama mmoja mtaalamu aitwaye Mary-Claire King aliifuata habari hiyo. Wakati ule wataalamu wengi hawakuamini kwamba jeni moja tu inaweza kuleta ugonjwa mkubwa namna hiyo. Yeye aliendelea kwa miaka mingi. Alichunguza koo 23 ambazo ndani yake kulikuwa na wagonjwa 146 wa saratani ya matiti. Aliangalia hasa zile koo ambazo wanawake waliugua wakiwa bado vijana. Mwaka 1990 alitangaza kwamba ameona mahali jeni ile ilipo katika maandishi ya mwili. Mwaka 1994 wataalamu wengine waliipata jeni yenyewe, ndiyo BRCA1. Mwaka 1995 ikapatikana BRCA2.

Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Mama King alikuwa na vyombo vya maabara. Lakini vyombo hivyo visingemfaa kitu kama koo zile 23 zingekataa kusema. Kwanza watu walikubali kutaja: bibi yangu aliugua, mama mdogo aliugua, dada yangu aliugua akiwa na miaka fulani. Watu walipotaja wagonjwa wao, ndipo jeni ilipopatikana.

Wala tusidhani kwamba habari hii ni ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2018 ilitangazwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Nijeria kwa wanawake 1,136 wenye saratani ya matiti. Ilionekana kwamba kama mmoja katika kila 8 alikuwa amerithi hitilafu katika mojawapo ya jeni 4, zikiwemo BRCA1 na BRCA2. Hao ni Waafrika wenzetu, wakulima na wafanya biashara kama sisi.

KWA NINI UPANDE WA BABA

Watu wengi wakiulizwa juu ya ugonjwa wa matiti katika ukoo, hutaja mama na bibi mzaa mama. Hukomea hapo. Hufikiri kwamba titi ni jambo la wanawake, kwa hiyo hurithiwa kwa wanawake tu.

Hilo ni kosa. Baba naye anazo jeni za BRCA1 na BRCA2. Akiwa na nakala moja mbovu, anaweza kumpa binti yake sawasawa kama mama anavyoweza. Yeye mwenyewe pengine hataumwa titi maisha yake yote. Ndiyo maana ugonjwa huweza kujificha kwa mwanamume, ukaruka kizazi kimoja, ukatokea kwa mjukuu.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana dada wawili waliokufa kwa saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 45. Mzee ni mzima. Ana watoto wanne. Binti zake hawajali habari za shangazi zao, kwa sababu mama yao mzazi ni mzima na bibi yao mzaa mama ameishi mpaka uzee. Lakini kama mzee amerithi nakala mbovu, kila mtoto wake ana nafasi nusu ya kuipata. Ni kama kurusha shilingi juu. Kila mtoto anarushiwa shilingi yake. Huenda wote wanne wakapona, huenda mmoja akapata, huenda wote wakapata. Kwa hiyo kifo cha shangazi ni habari inayomhusu binti, naye anastahili kuambiwa.

Wanaume nao wasijione wako nje kabisa. Mwanamume ana nyama kidogo za titi, naye huweza kupata saratani hapo, ingawa ni mara chache. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, mwanamume hafiki hata mmoja. Tena nakala mbovu ya BRCA2 humwongezea mwanamume hatari ya saratani ya tezi dume.

"MABINTI ZETU HAWATAOLEWA"

Najua kwamba wako watakaopinga. Watasema, "Tukitangaza kwamba ukoo wetu una ugonjwa wa matiti, nani atakuja kuoa kwetu? Mabinti zetu watabaki nyumbani."

Hoja hii si ya kudharauliwa. Kijijini, jina la ukoo ni mali. Lakini mimi naipinga kwa sababu tatu.

Kwanza, sisemi mtu asimame sokoni na kutangaza. Nasema wazee wawaambie watoto wao, na mgonjwa amwambie mganga wa zahanati. Kumwambia binti yako ukweli si kumtangaza.

Pili, hakuna ukoo usio na makosa katika maandishi yake. Ukoo mmoja una ugonjwa wa selimundu, mwingine una kisukari, mwingine presha. Anayekataa kuoa kwa jirani kwa sababu ya ugonjwa wa kurithi, aangalie kwanza nyumbani kwake. Hakuna aliyechagua jeni zake kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo hapana wa kulaumiwa, awe mama au baba.

Tatu, tupime hasara mbili. Binti aliyeambiwa pengine atachelewa kuposwa. Binti aliyefichwa ataona uvimbe, ataudharau, na atakwenda hospitali wakati titi limekwisha toboka. Ataacha watoto wadogo. Ipi ni hasara kubwa zaidi?

Wengine watapinga kwa njia nyingine. Watasema, "Kujua kutatusaidia nini? Kipimo cha jeni hakipo katika zahanati yetu." Ni kweli, kipimo hicho huhitaji maabara kubwa. Lakini kuuliza ukoo ni kipimo cha kwanza, nacho hakina bei. Hata madaktari wenye maabara kubwa huanza kwa kuuliza ukoo kabla hawajapima damu. Mama anayejua kwamba yumo katika hatari huangalia mwili wake mapema na hukimbilia hospitali kwa dalili ndogo. Saratani ya matiti ikiwahiwa, wengi hutibiwa wakapona. Ikichelewa, kupona ni shida. Hapa Tanzania wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa sana. Adui wetu mkubwa ni kuchelewa huko, na kuchelewa kunatokana na kunyamaza.

Tukumbuke pia mwaka 1973. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili. Kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Mambo yaliyokuwa aibu kutajwa, kama choo na kichocho, yalizungumzwa mchana na wanaume na wanawake pamoja. Tuliweza wakati ule. Saratani nayo tunaweza kuizungumza.

DALILI ZA KUANGALIA

Kila mwanamke aujue mwili wake. Ukiona mojawapo ya dalili hizi, nenda ukapimwe:

1. Uvimbe au kigumu katika titi au kwapani, hata kama hakiumi. Mara nyingi saratani haiumi mwanzoni. Usingoje maumivu.
2. Ngozi ya titi kubonyea, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa.
3. Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani.
4. Chuchu kutoa damu au majimaji wakati hunyonyeshi.
5. Kidonda au ukurutu kwenye chuchu usiopona.
6. Titi moja kubadilika umbo au ukubwa kwa ghafla.

Usiogope kupita kiasi. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini huwezi kujua kwa kupapasa tu, wala mganga wa kienyeji hawezi kujua kwa kuupaka dawa. Daktari huchukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, kikaangaliwe kwa darubini. Hiyo ndiyo njia ya kujua hakika.

UKOO UFANYE NINI

Nashauri kila nyumba ifanye mambo haya:

1. Chukueni daftari. Mmekwisha jifunza kuandika, basi elimu hiyo iwafae. Andikeni majina ya akina bibi, mama, mama wakubwa, mama wadogo, shangazi na dada. Gaweni ukurasa sehemu mbili: upande wa mama, upande wa baba.
2. Mbele ya kila jina andikeni kama aliugua saratani, ilikuwa ya wapi, na alikuwa na umri gani. Kama miaka haijulikani, andikeni "kabla hajapata wajukuu" au "akiwa bado ananyonyesha".
3. Andikeni pia mwanamume yeyote aliyeugua titi, na mwanamke aliyekufa kwa saratani ya ndani ya tumbo la uzazi.
4. Angalieni dalili za ukoo: ndugu wawili au zaidi wa upande mmoja waliougua, mtu aliyeugua kabla ya miaka 50, mtu aliyeugua matiti yote mawili, mwanamume aliyeugua titi. Hata moja ya hizo ikionekana, pelekeni daftari kwa mganga wa zahanati au kituo cha afya. Mwombeni ushauri, na barua ya kwenda hospitali kubwa ikihitajika.
5. Mwenye uvimbe asipoteze miezi kwa dawa za mizizi. Nchini mwetu hospitali zinazotibu saratani ni pamoja na Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam, Bugando iliyoko Mwanza, na KCMC iliyoko Moshi.

Kwenu akina baba nina neno. Mara nyingi nauli ya mama kwenda hospitali hutoka mfukoni mwenu. Mama akikuambia kwamba ana uvimbe, usimwambie asubiri mpaka pamba iuzwe. Usimrudishe kwao kwa sababu amekatwa titi. Yeye ndiye yule yule uliyemwoa. Na wewe mwenyewe keti na dada zako, waulize habari za afya zao, kwa kuwa habari hizo ni za binti zako.

Kwenu wahudumu wa afya pia nina neno. Mama anapokuja kliniki na mtoto, mwulizeni swali moja zaidi: "Katika ukoo wenu, upande wa mama na upande wa baba, yuko aliyeugua titi?" Swali hilo halimalizi hata dakika mbili. Kwa maoni yangu lingefaa liandikwe katika kadi ya kila mwanamke. Tena mtunze siri. Mama akisikia habari zake kisimani, hatarudi kwenu, na jirani zake pia hawatakuja.

Ndugu msomaji, wazee wetu walituachia majina ya mababu kumi na zaidi. Walijua nani alimzaa nani, na nani alihama kutoka wapi. Tuongeze katika masimulizi hayo nani aliugua nini. Shangazi aliyekufa kimya alikuwa na habari ya kumsaidia mpwa wake. Aliye hai bado anayo. Nenda kamwulize wiki hii.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu watu husema saratani ya matiti inaletwa na nini? Sasa tutawajibu nini?
2. Kwa nini binti anapaswa kujua ugonjwa wa shangazi yake?
3. Ni mambo gani yanayowazuia akina mama wa hapa kwenda hospitali mapema? Kati ya hayo, lipi tunaweza kuliondoa sisi wenyewe?
4. Nani katika kila nyumba ataandika daftari la ukoo, na atalianza lini?